Mchezo wa video ukikushinda: ung'ang'ane nao au uombe dokezo?

JE, kijana wako amewahi kuitupa padi ya mchezo kitandani kwa hasira kwa sababu adui mmoja kwenye skrini amemshinda kwa mara ya thelathini usiku huo? Au pengine ni wewe mwenyewe, mtu mzima mwenye kazi na familia, unayekodolea macho simu saa saba za usiku ukitafuta njia ya kulitatua fumbo moja, huku ukijiambia utajaribu mara moja tu kisha ulale?

Ikiwa jibu ni ndiyo, basi hauko peke yako. Michezo ya video haichezwi tena na watoto wa matajiri pekee. Imo kwenye simu, imo kwenye kompyuta za ofisini, na katika mitaa mingi ya miji yetu kuna kibanda chenye televisheni na PlayStation ambapo vijana hulipa na kucheza kwa zamu. Pamoja na michezo hiyo limekuja swali linaloleta ubishi nyumbani: mchezo ukiwa mgumu, ni bora kung'ang'ana hadi uushinde, au ni heri kuomba dokezo kwa mwenzako, kwenye YouTube au kwa programu ya akili bandia?

Wapo wanaoshikilia kwamba kuomba dokezo ni udanganyifu na kwamba mvumilivu hula mbivu. Wapo wengine wasioweza kukaa na fumbo dakika tano kabla ya kukimbilia jibu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, swali hilo halijaulizwa ipasavyo. La kujiuliza ni hili: je, majaribio yako bado yanakufundisha kitu? Maadamu yanakufundisha, endelea. Yakikoma kukufundisha, kuendelea si ushujaa bali ni kupoteza usingizi bure.

Ugumu una faida yake

Tuanze kwa kuutetea ugumu, kwani wazazi wengi humwona mtoto anayeshindwa mara kwa mara wakadhani anaumia tu.

Mwaka wa 1978, watafiti wawili, Norman Slamecka na Peter Graf, walionyesha kwamba neno ambalo mtu amelitafuta mwenyewe kichwani hukumbukwa vizuri zaidi kuliko neno lile lile akilisoma tu likiwa limeandikwa. Baadaye, mwaka wa 1994, mwanasaikolojia wa Marekani Robert Bjork alieleza kwamba kuna ugumu unaomfaa mwanafunzi: humchelewesha leo, lakini humfanya ashike somo kwa muda mrefu. Huko Singapore, Manu Kapur aliandika mwaka wa 2008 kuhusu wanafunzi waliopewa maswali magumu wayahangaikie bila msaada. Walikosea sana mwanzoni. Hata hivyo, walipopimwa baadaye walionyesha kuelewa zaidi kuliko wenzao waliopewa maswali yaliyopangwa vizuri tangu mwanzo.

Watengenezaji wa michezo wanalijua jambo hili vyema. Kampuni ya Kijapani ya FromSoftware, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, imejipatia sifa kwa michezo inayomwua mchezaji mara nyingi kupita kiasi. Dark Souls ilitoka mwaka wa 2011 na Elden Ring mwaka wa 2022, na kufikia mwaka wa 2024 Elden Ring ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 25. Asiyecheza huenda akashangaa ni nani anayenunua mateso kwa pesa zake.

Jibu liko katika namna kifo kinavyotumika humo. Adui mkuu huinua mkono kwa namna fulani kabla ya kupiga. Mara ya kwanza hukuuona mkono, ukafa. Mara ya tatu umeuona lakini umechelewa. Mara ya kumi unakwepa bila hata kufikiri, na sasa unakufa kwa pigo la pili, ambalo hukuwahi kuishi muda wa kutosha kuliona. Kwa mtazamaji aliyeketi kwenye kochi, hayo ni mauaji kumi yanayofanana. Kwa mchezaji kila moja lilikuwa na somo lake, na ndiyo maana ushindi ukipatikana hatimaye mtoto hupiga kelele hadi majirani wakasikia.

Utajuaje kwamba bado unajifunza?

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji daktari. Baada ya kila kushindwa, jaribu kusema kwa sentensi moja ni nini kilichokuangusha na ni nini utakachokifanya tofauti mara ijayo. Ukiweza kusema, una sababu ya kuendelea. Ukibaki kusema, "Nilikuwa karibu, wacha nirudie," mara tatu au nne mfululizo, basi akili imelala na vidole ndivyo vinavyocheza.

Hali hii imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1942 mwanasaikolojia Abraham Luchins aliwapa watu maswali ya kupima maji kwa kutumia mitungi mitatu yenye ujazo tofauti. Maswali ya kwanza yote yalitatuliwa kwa njia moja ndefu. Kisha akaweka maswali yaliyoweza kujibiwa kwa njia fupi kabisa. Wengi waliendelea na njia ndefu. Alipowapa swali ambalo njia ndefu haikuweza kulitatua, baadhi yao walishindwa, ilhali watu ambao hawakuwa wamezoezwa ile njia ndefu waliliona jibu upesi. Baadhi ya watu aliambia waandike kwenye karatasi zao maneno "Usiwe kipofu", na hilo liliwasaidia wengine kuzinduka.

Mchezaji aliyekwama huwa katika hali hiyo hiyo. Ameshaamua kwamba mlango unafunguliwa kwa ufunguo, na atautafuta huo ufunguo katika kila chumba kwa saa mbili, wakati mlango husukumwa tu. Kuongeza bidii katika hali hii humzidishia upofu. Anachohitaji ni kitu cha kumtoa kwenye njia aliyoizoea, na dawa ya kwanza si dokezo. Ni kuondoka kwenye kiti.

Lala kwanza

Hapa ndipo ukurasa huu wa afya unapohusika hasa. Mwaka wa 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lübeck nchini Ujerumani waliwapa watu kazi ya kubadilisha safu za tarakimu kwa kufuata kanuni mbili. Ndani ya kazi hiyo kulikuwa na njia ya mkato iliyofichwa ambayo hawakuambiwa. Baada ya kufanya kidogo, kundi moja lililala saa nane za usiku, jingine likakesha, na jingine likakaa macho muda kama huo mchana. Waliporudi kazini, kati ya watu 22 waliolala, 13 waliigundua njia ya mkato. Katika kila kundi la wale ambao hawakulala, waliogundua walikuwa 5 kati ya 22.

Utafiti mmoja si msahafu. Lakini yapo mengine yanayoelekea upande huo. Mwaka wa 2002, Matthew Walker na wenzake waliwafundisha watu kubofya vitufe kwa mpangilio fulani kwa vidole, wakaona kwamba baada ya kulala usiku mmoja kasi yao iliongezeka kwa karibu asilimia 20 bila mazoezi mengine. Mwaka wa 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya tafiti 117 kuhusu mafumbo na mapumziko, wakaona kwamba kuliweka fumbo kando kwa muda humsaidia mtu kulitatua, hasa ikiwa alishalifanyia kazi ya kutosha kabla ya kuliacha.

Kwa hivyo kijana anayekesha ili ashinde anajinyima kile ambacho kingemsaidia kushinda. Ubongo huyapanga mambo ya mchana usiku, na mikono pia hukamilisha mafunzo yake usingizini. Mwongozo uliotolewa na madaktari wa usingizi wa Marekani mwaka wa 2016 unasema kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kila siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanafunzi anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari la shule atimizie wapi saa hizo akizima simu saa saba za usiku? Isitoshe, mwangaza wa skrini usiku hupunguza melatonini, homoni inayoutayarisha mwili kulala, na hasira ya kushindwa huufanya moyo uende mbio hata baada ya taa kuzimwa.

Kuna namna nyingi za kudokezewa

Umepumzika, umelala, umerudi, na bado umekwama. Sasa omba msaada, na usione haya. Kuuliza si ujinga.

Lakini msaada una viwango. Miaka ya 1980, kampuni ya Marekani iliyoitwa Infocom, iliyotengeneza michezo ya hadithi kama Zork, iliuza vijitabu vya madokezo vilivyochapishwa kwa wino usioonekana. Mchezaji alisoma swali linalohusu mahali alipokwama, kisha akapitisha kalamu maalumu kwenye mstari wa kwanza chini yake, na dokezo hafifu likajitokeza. Lisipotosha, alipitisha kwenye mstari wa pili, wa tatu, hadi jibu kamili. Hadi leo sijaona njia bora zaidi ya kumsaidia mtu bila kumpokonya fumbo lake. Kampuni ya Nintendo nayo ilikuwa na wafanyakazi huko Redmond, jimbo la Washington, waliopokea simu za watoto waliokwama.

Siku hizi michezo yenyewe hujitolea. Katika New Super Mario Bros. Wii ya mwaka wa 2009, mchezaji akifa mara nane katika hatua moja, kisanduku cha kijani hutokea. Akikigonga, mchezo humwonyesha jinsi hatua hiyo inavyopitwa. Mchezo wa Celeste, uliotoka mwaka wa 2018 na unaohusu msichana anayepanda mlima huku akisumbuliwa na wasiwasi mwingi, humruhusu mchezaji kupunguza kasi ya mambo bila kumdhihaki. Kwa mwenye ulemavu wa mikono au macho yasiyoona vizuri, hilo ndilo linalomfungulia mlango wa kucheza.

Taabu ya madokezo ya leo ni kwamba mengi hutoa jibu zima kwa mkupuo mmoja. Ukifungua video, unamwona mtu akilitatua fumbo lote kabla hujajua kosa lako lilikuwa wapi. Vincent Aleven na Kenneth Koedinger wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, waliwachunguza wanafunzi waliojifunza jiometri kwa kompyuta iliyokuwa na kitufe cha madokezo ya hatua kwa hatua. Mwaka wa 2000 waliripoti kwamba wanafunzi wengi hawakuyasoma madokezo ya katikati. Walibofya haraka haraka hadi la mwisho, lililokuwa na jibu. Na mwaka wa 2004 Ryan Baker na wenzake, katika chuo hicho hicho, wakaonyesha kwamba wanafunzi waliozoea kuihadaa kompyuta namna hiyo walijifunza kidogo kuliko wenzao. Mwalimu yeyote wa hesabu hapa Kenya angewaambia hivyo bila kompyuta. Anamjua mwanafunzi ambaye vitabu vyake vya mazoezi ni safi kabisa kwa kuwa majibu yako nyuma ya kitabu, na anajua atakavyofanya siku ya mtihani.

Hata hivyo, tusiwaonee wanaoanza. John Sweller na Graham Cooper wa Australia walionyesha mwaka wa 1985 kwamba wanafunzi wapya wa aljebra hufaidika zaidi wakisoma mifano iliyokwisha kutatuliwa kuliko wakiachwa wahangaike na kila swali. Asiyejua hata kitufe cha kuruka ni kipi hafundishwi chochote na kifo cha arobaini. Huyo mwonyeshe, kisha mpe padi afanye mwenyewe. Jambo la maana ni kwamba baada ya kuona jibu aweze kueleza kwa nini lilifaa.

Na wewe kaka mkubwa au mzazi, ngoja uombwe. Aliyewahi kutazama bao likichezwa barazani anajua jinsi mtazamaji asivyoweza kuzuia mdomo wake, na anajua pia sura ya mchezaji aliyeharibiwa hesabu zake na mtu asiyeulizwa. Mtoto akikuomba, anza kwa swali: "Umejaribu nini? Kuna kitu gani humu ambacho bado hujakigusa?" Mara nyingi swali hilo linatosha. Ama kumpokonya padi ukamwambia "hebu nikuonyeshe" ni kumwambia kwamba unamwona hawezi.

Mwili hauna subira

Ung'ang'anizi wa saa nyingi huumiza hata pale ambapo akili bado inafurahia. Mwaka wa 1990 jarida la madaktari la New England Journal of Medicine lilichapisha barua kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyepata maumivu makali ya kidole gumba baada ya kucheza Nintendo kwa muda wa saa tano mfululizo. Kano za kidole zilikuwa zimevimba kwa kubonyezwa kupita kiasi. Mwaka wa 2003 madaktari wa New Zealand walieleza kuhusu mwanamume wa miaka 32 aliyezoea kukaa mbele ya kompyuta saa 12, wakati mwingine hadi 18 kwa siku. Damu iliganda mguuni mwake, na vibonge vyake vikapanda hadi mapafuni. Visa kama hicho ni nadra, lakini chanzo chake, kukaa bila kusogeza miguu, si nadra hata kidogo.

Macho nayo hupepesa mara chache zaidi mtu anapokazia skrini, yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Nyosha vidole, simama, kunywa maji. Watoto wengine hujizuia hata kwenda haja ili wasipoteze nafasi yao mchezoni, nao huishia na maumivu ya tumbo na kufunga choo. Mzazi huhangaika kutafuta dawa za minyoo wakati tatizo liko sebuleni.

Kwenye vibanda vya mitaani angalau pesa humaliza mchezo. Nyumbani, kwenye simu, hakuna wa kusema zamu yako imekwisha. Ndiyo sababu mapatano yafanywe kabla ya kuanza. "Zima sasa hivi!" katikati ya pambano huzua vita, na kwa kweli michezo mingine, Elden Ring ikiwa mmojawapo, haisimamishwi kirahisi katikati ya mapigano. Kubalianeni hivi: ikifika saa fulani, pambano linaloendelea ndilo la mwisho, ashinde au ashindwe.

Atanuna hata hivyo, na kuna sababu. Mwaka wa 1928 mwanasaikolojia Maria Ovsiankina, akifanya kazi Berlin, alionyesha kwamba watu waliokatizwa kazi kabla ya kuimaliza huirudia wenyewe wakipata nafasi, hata bila kuambiwa. Jambo lisilokamilika huvuta. Lakini E. J. Masicampo na Roy Baumeister waligundua mwaka wa 2011 kwamba mtu akipanga waziwazi ni lini na vipi atalimalizia, mawazo hayo humwachilia. Basi mpe kalamu aandike mistari miwili: amefika wapi, na kesho atajaribu nini. Ni jambo dogo, lakini huwasaidia hata watu wazima wanaolala na mafaili ya ofisi kichwani.

Lini umwone daktari

Kushindwa na mchezo wikendi nzima si ugonjwa, na watu wengi wanaocheza hawana tatizo la kiafya. Lakini tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ina hali ya kushindwa kujidhibiti katika michezo ya video. Madaktari hutazama mambo matatu: mtu hawezi kuamua aanze lini na aache lini, mchezo umetangulizwa mbele ya chakula, masomo, kazi na marafiki, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12 au zaidi, ingawa ikiwa kali haingojewi muda huo.

Ukiona dalili hizo, anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, au kwa mshauri wa shule, ambao wanaweza kukuelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Usimfikishe kijana huko kama mshtakiwa. Nenda na maelezo ya wiki mbili: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, alikosa shule siku zipi, alikula nini, na hasira zilimpata wakati gani. Mweleze pia daktari ikiwa kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua kabla ya michezo kuzidi, kama vile msiba, matokeo mabaya ya mtihani au kuonewa na wenzake shuleni, kwani huenda hilo ndilo litakalotibiwa kwanza.